Ugo Mulas, Mpiga Picha wa Wasanii: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Jina la Ugo Mulas halisikiki sana tunapozungumzia upigaji picha kwa Kiswahili. Nadhani tunakosa mengi, hasa sisi tunaoingia kwenye studio za wachoraji na wachongaji tukiwa na kamera begani. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa zaidi kila ninapomtaja. Baadhi nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yanastahili, mengine kwa sentensi chache.

Ugo Mulas alikuwa nani?

Alikuwa Mwitaliano, mzaliwa wa Pozzolengo, mji mdogo wa mkoa wa Brescia kaskazini mwa nchi hiyo. Alizaliwa tarehe 28 Agosti 1928 na kufariki Milano tarehe 2 Machi 1973, akiwa na umri wa miaka 44. Katika miaka isiyofika ishirini ya kazi alisimama karibu sana na watu waliogeuza sanaa ya Ulaya na Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia: Lucio Fontana, Alexander Calder, David Smith, Marcel Duchamp, Robert Rauschenberg, Jasper Johns, Barnett Newman, Roy Lichtenstein, Andy Warhol. Wengi wetu tumewahi kuona picha zake bila kujua ni za nani.

Kinachonifanya nimpende kuliko wenzake wengi ni swali alilokuwa nalo kila alipoingia studio. Alitaka kujua huyu msanii anafikiri nini, na kama kamera inaweza kuonyesha fikra hiyo. Sura ya msanii na wingi wa rangi sakafuni vilikuja baadaye.

Upigaji picha aliusomea wapi?

Hakuusomea popote. Mwaka 1948 alihamia Milano kusomea sheria, kisha moyo ukahamia kwenye sanaa na akawa anahudhuria kozi za kuchora katika chuo cha sanaa cha Brera. Mtaa huohuo ulikuwa na mkahawa uliojulikana kama Bar Jamaica, ambako wachoraji, waandishi na waandishi wa habari walikaa usiku kucha wakibishana, wengi wao mifuko ikiwa mitupu. Msanii Piero Manzoni alikuwa akipita pale, na wapiga picha vijana kama Mario Dondero na Alfa Castaldi pia.

Mulas mwenyewe alieleza kwamba ni pale Jamaica alipopewa kamera ya kuazima pamoja na maelekezo mawili tu. Kwenye jua, weka kasi ya shata (muda ambao mwanga unaingia) 1/100 na tundu la lenzi (upana wa njia ya mwanga) f/11. Kivulini, weka 1/25 na f/5.6. Darasa likaishia hapo. Akatoka kwenda kupiga vitongoji vya Milano, watu waliolala kwenye chumba cha kusubiria cha stesheni ya treni, na rafiki zake wa mkahawani. Yakumbuke maelekezo hayo mawili, kwa sababu miaka karibu ishirini baadaye aliyarudia na kuyahoji moja baada ya jingine.

Aliingiaje kwenye ulimwengu wa sanaa?

Kupitia Biennale ya Venice. Mwaka 1954 alikwenda huko na Dondero, na tangu hapo akawa anarudi kila maonyesho yalipofanyika, hadi ya mwaka 1972. Biennale ni maonyesho makubwa ya kimataifa ambayo nchi nyingi huwa na banda lao, na kwa siku chache za ufunguzi wasanii, wenye majumba ya sanaa, wakosoaji na wanunuzi wote wanakuwa mahali pamoja.

Picha zake za miaka ya mwanzo Venice zina uchangamfu wa mtu aliyefika sherehe ambayo hakualikwa. Watu wanabeba sanamu, wanabishana mezani, wanasinzia kwenye viti vya bustani. Ila kidogo kidogo macho yake yanahama kutoka kwa umati kwenda kwa mtu mmoja na kazi yake.

Mwaka 1962 unatajwa sana. Kulitokea nini?

Mwaka huo mtaalamu wa sanaa Giovanni Carandente aliandaa maonyesho ya sanamu mjini Spoleto, katikati ya Italia, wakati wa tamasha la Festival dei Due Mondi. Sanamu hazikuwekwa ndani ya jumba. Zilisambazwa mitaani, kwenye ngazi na viwanja vya mji wa kale, watu wakawa wanapita kati yake wakienda sokoni na kanisani. Mulas alizipiga hivyohivyo, zikiwa na wapita njia na mawe ya mji.

Kwa maandalizi ya maonyesho hayo, mchongaji Mmarekani David Smith alipewa karakana za kiwanda cha chuma kilichokuwa kimefungwa huko Voltri, karibu na Genova. Alitarajiwa kutengeneza sanamu moja au mbili. Katika muda wa siku 30 alitengeneza 27, kwa kukata na kuchomelea mabaki aliyoyakuta pale: koleo kubwa za kushikia chuma cha moto, magurudumu, mabenchi ya kazi, vipande vya mabati mazito. Mulas alimfuata Voltri. Picha zake zinamwonyesha Smith katikati ya kiwanda kilicho tupu, mtu mkubwa wa mwili aliyezungukwa na vyuma vilivyotapakaa chini, na huwezi kusema haraka kipi tayari ni sanamu na kipi bado ni mabaki. Hilo ndilo jambo lenyewe. Smith alikuwa anachagua kwa macho kabla mkono haujagusa kitu, na mpiga picha aliliona. Smith alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, kwa hiyo picha hizo zimekuwa na uzito wa pekee.

Kwenye maonyesho hayohayo Calder, mchongaji mwingine Mmarekani, alileta Teodelapio, sanamu ya chuma yenye urefu wa mita 18 hivi, iliyoundwa na mafundi wa meli huko Savona. Mpaka leo imesimama mbele ya stesheni ya Spoleto na magari yanapita chini yake. Urafiki wa Mulas na Calder ulianza kipindi hicho na ukadumu. Alimtembelea nyumbani kwake Saché, Ufaransa, na Roxbury, Marekani, na mwaka 1971 kikatoka kitabu kizima cha picha zake za Calder.

Je, ni kweli zile picha maarufu za Fontana akichana kanvasi ni za kupanga?

Ni kweli, na Mulas hakulificha hata kidogo. Hili ndilo swali linaloleta mabishano makali kuliko yote, kwa hiyo nitalieleza taratibu.

Lucio Fontana, aliyezaliwa Rosario, Argentina, mwaka 1899, alianza mwaka 1958 kuchana kanvasi zake kwa kisu. Mchano mmoja, au kadhaa, kwenye kanvasi yenye rangi moja. Magazeti yalipenda kumwonyesha kama mtu mwenye hasira anayeshambulia mchoro. Mulas aliyemfahamu kwa karibu alihisi picha za namna hiyo zinadanganya, ingawa zilipigwa katika tukio halisi.

Mwaka 1964 alikwenda studio ya Fontana mjini Milano akitaka kumpiga akichana. Kwa mujibu wa Mulas, Fontana alimweleza kwamba angeweza kutoboa matundu mbele ya kamera, kwa sababu baada ya muda angesahau kuwa kuna mtu chumbani. Mchano ni jambo jingine. Unahitaji utulivu mkubwa, na mchano uliofanywa ili tu picha ipatikane hautatoka vizuri. Akamwambia pia kwamba wakati mwingine kanvasi hukaa ukutani wiki kadhaa kabla hajawa na uhakika wa la kufanya, na huanza pale tu anapojisikia yuko tayari.

Basi wakakubaliana kuigiza. Kwenye picha ya kwanza Fontana yuko mbele ya kanvasi nyeupe ambayo haijaguswa, mkono wenye kisu umeinuka, anatazama tu. Kwenye picha nyingine mkono uko kwenye kanvasi. Kwenye ya mwisho mchano upo, mrefu, na mkono umeshuka hadi mwisho wake. Anayezitazama kwa mfuatano anaamini ameuona mchano ukifanyika. Hajauona. Kanvasi ya mwisho ilikuwa imechanwa siku nyingine, Fontana akiwa peke yake.

Sasa, huu ni udanganyifu? Mimi nasema hapana, na ninasema hivyo nikijua wapo wapiga picha za habari watakaonikatalia kabisa. Fontana aliziita kazi hizo Attesa, yaani kusubiri. Kiini cha kazi ni ule muda kabla ya kisu, fikra ikikomaa. Mulas alipoelewa hivyo, aligundua kwamba picha ya sekunde ya kuchana, hata angeipata, isingeeleza kitu. Picha ya mtu mzima aliyesimama kimya mbele ya kanvasi nyeupe ndiyo inayoeleza. Na muhimu zaidi, aliandika wazi jinsi picha zilivyopatikana. Mpiga picha anayepanga tukio na kukaa kimya yuko upande mwingine kabisa.

Ilikuwaje akafika New York?

Mwaka 1964 Robert Rauschenberg alipata tuzo kuu ya uchoraji kwenye Biennale ya Venice. Wazungu wengi wa Ulaya walikasirika, wakaona Marekani imekuja kuwanyang'anya kiti. Sehemu ya kazi zake zilikuwa zimeonyeshwa nje ya uwanja rasmi, kwenye jengo lililokuwa ubalozi mdogo wa Marekani, na ikabidi kazi zihamishwe kwa mashua hadi uwanjani. Mulas alikuwepo. Picha ya michoro ya Rauschenberg ikisafiri juu ya maji ya Venice, bila fremu ya heshima wala ulinzi wa maana, ni ushahidi wa namna historia inavyopita mbele ya watu wakidhani ni mizigo tu.

Alan Solomon ndiye aliyesimamia maonyesho ya Marekani mwaka huo, na Leo Castelli, mzaliwa wa Trieste, ndiye mwenye jumba la sanaa lililowauza wasanii hao New York. Kupitia hao wawili milango ikafunguka. Mulas alivuka bahari mwishoni mwa 1964, akarudi 1965 na tena 1967. Aliingia studio za Johns, Rauschenberg, Newman, Kenneth Noland, Frank Stella, Lichtenstein, Claes Oldenburg, George Segal, James Rosenquist, na kwa Warhol kwenye studio yake iliyoitwa Factory. Kitabu kilichotokana na safari hizo, New York: The New Art Scene, kilitoka 1967 kikiwa na maandishi ya Solomon.

Ukikipitia utaona kila msanii amepewa mwendo wake. Kwa Johns tunafuata mkono, brashi na macho. Kwa Warhol chumba kimejaa watu, mara nyingi hujui nani anafanya nini, na ndivyo pale palivyokuwa. Mulas hakwenda na staili moja akaibandika kwa kila mtu, na hapo ndipo ninapoona ukubwa wake.

Alimpigaje Duchamp, mtu aliyekuwa ameacha kufanya sanaa?

Nalipenda swali hili. Marcel Duchamp alikuwa na sifa ya kuacha. Watu waliamini amehamia kwenye mchezo wa sataranji na hataki tena kutengeneza chochote. Mpiga picha wa kawaida angesema hapa hakuna cha kupiga.

Mulas alilichukulia kuacha huko kuwa ndiyo kazi yenyewe. Katika picha zake za New York Duchamp amekaa karibu na ubao wa sataranji, anavuta sigara, anatembea kwenye bustani ya Washington Square kama mzee yeyote wa mtaa. Hafanyi kitu. Mulas alieleza kuwa alitaka picha iwe zaidi ya sura ya mtu maarufu. Alitaka ionekane ile hali ya akili ya mtu aliyechagua kunyamaza. Ni jambo gumu kuliko kumpiga mtu anayerusha rangi.

Anatofautianaje na wapiga picha wengine wa wasanii?

Mfano wa kwanza ni Hans Namuth, Mjerumani aliyehamia Marekani, ambaye mwaka 1950 alimpiga mchoraji Jackson Pollock akimwaga rangi kwenye kanvasi iliyotandazwa sakafuni. Picha hizo zina nguvu na ndizo zilizowafundisha watu kumwona Pollock kama mchezaji wa ngoma. Uzito uko kwenye mwili na mwendo.

Wa pili ni Harry Shunk na János Kender waliofanya kazi pamoja. Picha yao ya mwaka 1960 ya msanii Mfaransa Yves Klein akijirusha hewani kutoka ukutani imeunganishwa kwa picha mbili, maana chini walikuwepo watu wa kumdaka, nao wakaondolewa. Hapo picha inakuwa kazi ya sanaa pamoja na msanii, na mtazamaji haambiwi siri.

Mulas yuko mahali pa tatu. Anakubali kupanga, kama alivyofanya kwa Fontana, lakini anakueleza. Anakubali mwendo, lakini anauliza mwendo huo unatoka kwenye wazo gani. Simshushi Namuth wala Shunk na Kender. Ila ukiniuliza ni nani wa kumfuata kijana anayeanza, nitamtaja Mulas kwanza.

Aliishi kwa picha za wasanii peke yake?

Hapana. Alipiga mitindo ya mavazi, matangazo na picha za viwanda, na akachapishwa kwenye majarida kama L'Illustrazione Italiana na Domus. Alishirikiana pia na mwongozaji Giorgio Strehler wa Piccolo Teatro mjini Milano, na kazi ya tamthilia ilimfunza mengi kuhusu mwanga na nafasi. Kazi za kulipa kodi ya nyumba hazikumzuia kufikiri.

Nini kilibadilika baada ya 1968?

Mwaka 1968 Biennale ilifunguliwa katikati ya maandamano ya wanafunzi. Polisi walijaa Venice, baadhi ya wasanii wakafunika au kugeuza kazi zao kupinga. Mchoraji Gastone Novelli alizigeuza zake zikatazama ukuta. Picha za Mulas za mwaka huo zina virungu na kofia za askari kuliko michoro.

Kipindi hichohicho sanaa yenyewe ilikuwa inaacha kuwa kitu cha kutundika. Tarehe 21 Septemba 1969 mjini Como lilifanyika tukio la siku moja, Campo urbano, ambapo wasanii waliingia mitaani na kufanya kazi zao kati ya raia wa kawaida. Jioni ilipofika yote yalikuwa yamekwisha. Mulas alipiga siku nzima, na kitabu kilichotoka, kilichosanifiwa na Bruno Munari, ndicho kilichobaki.

Hapa jukumu la mpiga picha linakuwa zito kupita kiasi. Mchoro ukipigwa picha mbaya, mchoro bado upo, mtu mwingine atakwenda kuupiga tena. Kazi ya saa mbili mtaani ikipigwa vibaya, basi vizazi vyote vijavyo vitaiona vibaya. Mulas alilihisi hilo, na nadhani ndilo lililomsukuma kuigeukia kamera yenyewe na kuihoji.

Hizo Verifiche ni nini?

Jina hilo ni la Kiitaliano, maana yake uhakiki au majaribio ya kuthibitisha. Ni mfululizo wa kazi alizozifanya katika miaka ya mwisho ya maisha yake, hadi 1972, akichukua hatua moja moja ya upigaji picha ambayo alikuwa ameifanya maelfu ya mara bila kufikiri, na kuuliza: hii hasa inafanya nini?

Ya kwanza aliitoa kwa heshima ya Niépce, Mfaransa aliyepata picha ya dirishani Le Gras katika miaka ya 1820. Mulas alichukua filamu ambayo haikupigwa kitu, akaisafisha kwa dawa kama kawaida, akaikata vipande, akavilaza juu ya karatasi ya picha chini ya kioo na kuchapa. Kilichotoka ni safu za weusi mtupu, vitundu vya pembeni vikionekana, na kipande cha mwanzo kilichoingiwa na mwanga wakati filamu inapachikwa kwenye kamera. Hakuna picha, lakini kila kitu kinachoiwezesha picha kipo mbele yako. Ukiitazama kwa karibu unaanza kuona namba na maandishi ya kiwanda pembeni, vitu ambavyo siku zote tunavikata na kuvitupa.

Nyingine inahusu muda na imetolewa kwa msanii Jannis Kounellis. Kwenye maonyesho ya Vitalità del negativo mjini Roma, mwishoni mwa 1970, Kounellis aliweka mpiga piano aliyerudia tena na tena kipande cha opera ya Nabucco ya Verdi. Mulas alimaliza filamu nzima akipiga kitu hichohicho, kutoka palepale. Fremu zote zinafanana. Kinachokuonyesha kwamba muda umepita ni namba zinazopanda pembeni ya filamu. Mimi ninaiona kuwa mojawapo ya picha bora za muziki zilizowahi kupigwa, ingawa hakuna kinachosogea.

Kuna ya ukuzaji aliyompa mkewe Nini, ambapo kipande cha anga kimekuzwa hadi anga yenyewe inapotea na unabaki na chembe za fedha za kwenye filamu. Kuna ya maabara aliyoitoa kwa Herschel, mwanasayansi Mwingereza aliyegundua dawa ya kugandisha picha isiendelee kubadilika: Mulas aligandamiza mikono yake kwenye karatasi, mmoja ukiwa na dawa ya kuitoa picha na mwingine dawa ya kuigandisha. Kuna inayoyarudia yale maelekezo mawili ya Jamaica, jua, tundu la lenzi na kasi ya shata. Na kuna picha aliyojipiga mwenyewe kwa ajili ya mpiga picha Mmarekani Lee Friedlander, mbele ya kioo, ambapo kamera imeuziba uso wake. Mtu anayewaona wengine wote hawezi kujiona akiwa kazini.

Ya mwisho ni ya Duchamp. Alirudia ile filamu tupu ya kwanza, ila safari hii kioo kilichoilaza filamu kimevunjwa. Wajuzi watakumbuka kazi kubwa ya kioo ya Duchamp iliyoko Philadelphia, iliyopata nyufa ikisafirishwa, naye akazikubali nyufa kuwa sehemu ya kazi.

Mulas aliyafanya mengi ya haya na kuyaandikia maelezo akiwa anaugua. Wapo wanaoziona kazi hizi kuwa baridi, za kitaaluma mno. Siwaelewi. Mtu aliyetumia maisha yake kuuliza Fontana anafikiri nini na Duchamp ananyamazia nini, mwishoni akaielekezea kamera yake swali lilelile. Ni mstari mmoja ulionyooka.

Picha ya kazi ya msanii ni mali ya nani?

Kwa ujumla kuna haki mbili ndani ya picha moja: ya msanii juu ya kazi yake, na ya mpiga picha juu ya picha. Ndiyo maana majumba ya sanaa huandika majina yote mawili, na ndiyo maana ukipiga mchoro wa mtu huwezi kuuchapisha kwenye fulana kesho yake bila ruhusa. Ukiwa Tanzania masuala ya hakimiliki yako chini ya COSOTA, na Kenya yako chini ya KECOBO. Mkataba wa maandishi, hata wa ukurasa mmoja, unaokoa urafiki.

Nami hupiga picha za kazi za wasanii. Nianzie wapi?

Kwanza tenganisha kazi mbili ambazo watu wengi huzichanganya.

Moja ni picha ya kumbukumbu ya mchoro, inayokwenda kwenye katalogi au kwa mnunuzi. Hapo ubunifu wako weka pembeni. Kamera isimame kwenye miguu mitatu, lenzi iwe katikati ya mchoro na sambamba nao, taa mbili zinazofanana kila upande kwa nyuzi 45 hivi ili mwanga usambae sawa na rangi ya mafuta isimetemete. Weka kadi ya rangi za kulinganishia kwenye picha ya kwanza. Zima taa nyingine za chumba na funga mapazia, maana taa za aina mbili zitaiharibu rangi na hutajua ya kweli ni ipi. Sanamu ipige kutoka pande kadhaa, na angalau picha moja iwe na mtu au mlango ili ukubwa wake ueleweke.

Nyingine ni picha ya msanii na kazi yake, na hapa ndipo Mulas anapokuwa mwalimu. Nenda mara ya kwanza bila kutoa kamera. Muulize kazi inaanzia wapi, kabla ya rangi. Msikilize anaposema hatua fulani hawezi kuifanya ukiwepo, usimlazimishe. Ikibidi kupanga, pangeni pamoja, kisha liandike kwenye maelezo ya picha. Mpige pia anapokuwa amekaa tu anautazama ukuta, kwani kwa wasanii wengi saa hizo ni nyingi kuliko za brashi, ila hakuna anayezipiga.

Usifute picha zilizoshindikana za siku hiyo. Ziweke kwa mfuatano wake na tarehe yake. Mara nyingi mtafiti wa baadaye hujifunza zaidi kutoka kwenye mfuatano kuliko kwenye ile moja uliyoichagua.

Picha zake ninaweza kuziona wapi?

Kumbukumbu zake zinatunzwa na Archivio Ugo Mulas mjini Milano. Mwaka 2023 yalifanyika maonyesho makubwa ya kazi zake Venice, kwenye kisiwa cha San Giorgio Maggiore, na kuanzia Oktoba 2024 Palazzo Reale ya Milano ikamwandalia maonyesho mengine. Kitabu cha kuanzia ni La fotografia, kilichohaririwa na Paolo Fossati na kuchapishwa na Einaudi mwaka 1973. Humo Mulas anasimulia mwenyewe habari za Fontana, New York na Verifiche. Kiko kwa Kiitaliano, lakini hata kama husomi lugha hiyo, zipitie kurasa za Voltri na za Fontana kwa mfuatano wake bila kuruka.